Mteremko Ulioshusha Pumzi

Nilipokuwa na miaka tisa hivi, kule Likasi, Katanga, mama alikuwa akinituma stoo ya kampuni kuchukua posho. Watoto wa kambi nzima tulipanga foleni na mifuko yetu ya kitambaa. Mwenye stoo aliitwa Papa Mwamba, mtu mnene wa kupumua kwa mdomo, na alikuwa na tabia moja. Kila asubuhi, kabla ya kufungua, alipanda juu ya ukuta wa magunia mpaka karibu na mabati, akatembea kule juu huku na huku, akashuka, akajipangusa unga, akasema: "Bon, iko solide," yaani ni imara. Hapo ndipo sisi tuliruhusiwa kuingia.

Magunia ya unga yalikuwa juu, ya sukari chini. Panya walikuwa wametoboa yale ya chini kwa nyuma, upande wa ukuta, ambako hakuna jicho linalofika. Sukari ikawa inamwagika kidogo kidogo kwenye ufa wa sakafu, wiki baada ya wiki, mpaka magunia ya chini yakabaki ngozi tu. Lakini yale ya juu yalikuwa yameegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani, kwa hiyo ukuta ulisimama. Papa Mwamba anapanda, anashuka, iko solide. Siku moja nilikuwa mlangoni, zamu yangu imefika, nikasikia sauti. Haikuwa kishindo. Ilikuwa kama mnyama mkubwa aliyelala ameshusha pumzi: wumm. Ukuta mzima ukashuka upana wa kidole, ukasimama tena. Vumbi la unga likatoka kwenye magunia yote kwa mara moja. Hakuna aliyeumia. Papa Mwamba alitufukuza kwa fimbo, na mimi nilipofika nyumbani nilipigwa kwa kurudi mikono mitupu, maana mama hakuamini kwamba magunia yanapumua.

Sauti ile nilikaa zaidi ya miaka thelathini bila kuisikia tena. Niliposikia nyingine kama ile, theluji ilikuwa imenifika magotini, na Likasi ilikuwa mbali sana.

Ninyi vijana mnaopanda sasa na vikundi vya Brussels mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Mimi shule yangu iliishia mwaka wa nne wa primaire, kwa hiyo msitafute vichwa vya habari na mistari ya kupiga chini. Habari za mshahara na cheo naziruka. Cheo changu mnakijua, kilikuwa kimeandikwa kwenye funguo za nyumba ya mlimani: "Chalet".

Nilianza na ndoo. Tulikuwa tumehamia Brussels, tunakaa mtaa wa Saint-Gilles, ghorofa ya tatu, nyumba moja ya zamani iliyokatwa vipande vipande mpaka jiko letu lilikuwa na nusu ya dirisha, nusu nyingine ikiwa kwa jirani Mreno. Nilipata kazi ya kusafisha ofisi ya chama kimoja cha mtaa wa Ixelles, nyuma ya uwanja wa Flagey. Kazi ya chama ilikuwa kuwapeleka watu wa mji milimani wakati wa baridi, kutembea kwenye theluji na viatu vile vipana vinavyoitwa raketi. Walikuwa na nyumba ya mbao kule Alpes, na kila Ijumaa ya majira ya baridi basi liliondoka karibu na stesheni ya Gare du Midi limejaa watu wenye kofia za sufu. Mimi niliwaona kama wagonjwa. Mtu ana nyumba yenye joto, anakwenda kulipia baridi.

Siku moja napiga deki, mzee mmoja Mbelgiji akasimama juu ya sakafu yangu yenye maji na buti zake. Nikanung'unika peke yangu, kwa Kiswahili, neno ambalo siandiki hapa. Akanijibu kwa Kiswahili.

"Ile neno, mi najua. Weye unatoka wapi?"

"Likasi, Monsieur."

"Likasi fasi gani?"

Nikamwambia mahali penyewe. Akanitajia mtaa, akanitajia kilima cha nyuma yake, akanitajia jiwe la kilima kile lina rangi gani ndani. Huyo ndiye Papa Lucien. Alikuwa amechunguza mawe Katanga miaka mingi, na alipostaafu alihamia kuchunguza theluji, akawa mkubwa wa mlima katika chama. Kiswahili chake kilikuwa cha msimamizi wa kazi, kila kitu ni amri. Hata asante aliitoa kama amri. Mlinzi wa nyumba ya mlimani alikuwa amevunjika mguu, na Papa Lucien alikuwa anatafuta mtu.

"Unaogopa baridi?" akaniuliza.

"Sana, Papa."

"Bon. Bale benye habaogope njo banakufaka. Utakuya vendredi." Yaani wasioogopa ndio wanaokufa, na nije Ijumaa.

Mke wangu, Georgette, aliposikia habari ya theluji alicheka mpaka akakaa chini. "Muntu wa Likasi anaenda kutafuta nini ku neige? Ulipotezaka nini kule?" Lakini Ijumaa alinifungia mikate na jozi nne za soksi.

Siku ya kwanza kule juu nilifikiri nimekuwa kiziwi. Hilo hakuna aliyenionya. Theluji mpya inakula sauti. Nilisimama nyuma ya nyumba, hakuna upepo, hakuna ndege, misonobari yote imeinama upande mmoja kama watu wanaosikiliza kitu ambacho mimi sisikii. Nikaita jina langu mwenyewe kwa nguvu: "Donat!" Halikurudi. Halikwenda hata mahali. Lilianguka palepale miguuni pangu. Nikaingia ndani nikawasha redio ya jikoni, nikaikuta inasema mambo ya msongamano wa magari, nikafurahi sana.

Papa Lucien alinifundisha vyombo kabla ya kunifundisha kutembea. Kuna redio ndogo ya kifuani inayotoa mlio ili wenzako wakupate ukifukiwa, kuna fimbo ndefu ya kukunjua ya kuchoma kwenye theluji, na kuna beleshi. Redio yako haikusaidii wewe, inamsaidia anayekutafuta, kwa hiyo ni chombo cha adabu. Mwenye kuisahau nyumbani anawaambia wenzake wachimbe mlima mzima. Nimewaona wateja waliopaka mafuta ya jua mara tatu na redio imezimwa.

Halafu shimo. Hili lisomeni vizuri, hata kama mna simu zinazowaambia kila kitu. Unatafuta mahali salama panapotazama upande uleule kama mteremko unaouogopa. Unachimba mpaka ardhini. Unanyoa ukuta wa shimo kwa beleshi mpaka uwe laini kama umepigwa randa, halafu unausoma kwa mkono, kutoka juu kwenda chini. Mahali ngumi inapoingia ni laini. Vidole vinne, bado laini. Kidole kimoja, pameshika. Penseli, pagumu. Kisu, pagumu kama sakafu. Unachotafuta ni kitu kigumu kilichokaa juu ya kitu laini. Kisha unakata nguzo ya theluji, upana wa beleshi, unaweka beleshi juu yake na kupiga. Mara kumi kwa kifundo cha mkono, mara kumi kwa kiwiko, mara kumi kwa bega. Unahesabu nguzo inavunjika kwenye pigo la ngapi, na unaangalia inavunjika vipi. Hilo la pili ndilo wengi hawaliangalii.

Shimo langu la kwanza, Papa Lucien alipiga magoti, akachota kutoka chini kabisa, karibu na majani makavu, akanimiminia kwenye glavu. Zilikuwa punje, kubwa kubwa, zinang'aa. Nikafinya. Hazikushikana. Nikafungua mkono, zikapita katikati ya vidole kama si maji na si mchanga.

"Sukari," nikasema.

"Sukari. Neige kidogo ya mwanzo, kisha baridi ya siku mingi. Joto ya udongo inapanda, inaikula pole pole, inaacha hii. Haishikake kitu. Na hii yote ya juu," akapiga ukuta wa shimo kwa kiganja, "iko juu ya sukari."

Nikamsimulia habari za Papa Mwamba na magunia yake. Alicheka, akasema yule alikuwa mpumbavu.

Sasa niseme jambo letu sisi wawili, ambalo ninyi hamkulikuta. Mbele ya wateja, Papa Lucien na mimi tulisema hatari kwa Kiswahili. Sababu yake haikuwa mbaya. Alisema mtu wa mji ukimwambia neno "avalanche", maporomoko ya theluji, akiwa njiani, anaganda, na anaganda katikati ya mteremko, mahali ambapo hutaki mtu asimame hata sekunde. Kwa hiyo Kifaransa kilikuwa cha kunywa maji na kutazama mandhari. Kiswahili kilikuwa cha mengine. Tulicheka huku tunasema, ili uso usitufichue. "Papa, huku kunalia chini." "Nimesikia. Upitishe haraka, ucheke." Wateja walipenda sana. Walisema lugha yenu ni tamu. Kwa miaka tisa ukweli wote wa mlima ule ulisemwa kwa Kiswahili cha Katanga, na hakuna mteja hata mmoja aliyeupata.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mteremko tuliouita Mlango. Haukuwa mpana, hatua sitini hivi za raketi, lakini mkali kama ngazi za nyumba yetu ya Saint-Gilles, na ndio uliokuwa njia ya kwenda kwenye ziwa lililoganda, ambalo wateja waliliona kwenye picha za ofisini na walikuwa wamekuja kwa ajili yake. Usipopita Mlango, unarudi jikoni kunywa supu.

Majira yangu ya kwanza, Mlango ulinitia hofu kwa jambo lingine. Kila asubuhi ya kutembea nilipotoka kuleta kuni, nilikuta alama za mtu mmoja zimeuvuka. Zinakwenda, zinafika kwenye mawe ya upande wa pili, hazirudi. Nikaingia ndani kuhesabu watu mezani: wote wapo. Kesho yake tena, mstari mmoja, mpya, unakwenda. Nahesabu: wote wapo, wanapaka siagi. Sikumwambia mtu. Kwetu tunajua vitu vingine ukivitaja unaviita. Nililala na taa ya mkononi kifuani majira mazima, na nilichukua kuni za upande wa mbele tu, hata zikiwa mbichi.

Mwaka wa pili ndipo nilimkamata. Alfajiri, ukungu bado uko chini, naona mtu anatembea katikati ya Mlango bila sauti yoyote, polepole, anapiga mguu kila hatua. Papa Lucien. Alivuka, akapanda mawe, akarudi kwa juu, kwenye mgongo wa mlima ambako upepo unafagia theluji yote na mguu hauachi alama, nusu saa nzima. Akaingia mlango wa mbele, akavua glavu, akaomba kahawa.

"Unafanya nini kule, Papa?"

"Naipima. Kama inanibeba mi, itababeba na bo. Siwezi kuweka muntu fasi sijaweka mwili yangu."

Niliona ni mtu mkubwa. Bado naona hivyo. Na kwa miaka yote ile tulipita nyuma ya alama zake, na Mlango ulitubeba. Mimi nilichimba mashimo yangu, nikamletea hesabu, akazisikiliza, lakini mwisho wa yote ilikuwa alama zake. Sikumwambia lile ambalo shimo lilinifundisha, kwamba mtu mmoja anaweza kupita juu ya sehemu nene na asiamshe kitu, na wa tano akakanyaga mahali pembamba, karibu na jiwe, na vyote vikaja. Nilikuwa nalijua. Nilinyamaza kwa sababu yeye alisoma mawe chuoni na mimi nilisomea ndoo. Andikeni hilo kwenye daftari zenu kama kosa langu, kabla ya lake.

Majira ya kumi yalianza vibaya. Theluji kidogo mwezi wa kumi na moja, halafu mbingu kavu, baridi, nyota, wiki baada ya wiki. Nilichota chini, sukari tupu, punje kama za sukari ya chai. Kisha siku tatu za dhoruba na upepo unaopakia theluji yote upande wetu. Taarifa ya mkoa ilisema hatari ni tatu kati ya tano. Tatu ndiyo inayodanganya watu. Nne inawatisha, wanabaki nyumbani. Tatu wanasema ah, ni katikati.

Ndani ya nyumba kulikuwa na kikundi cha watu kumi na moja. Mmoja alikuwa mama mweusi, muuguzi wa Ixelles, jina lake Odette, ambaye wenzake wa kazini walimnunulia safari kama zawadi na yeye hakuwa na namna ya kukataa. Nilipomsalimia kwenye basi kwa Kifaransa, alinijibu Kifaransa cha Brussels kabisa, na kofia imemfunika mpaka kwenye nyusi. Nikajiambia: Mkameruni huyu. Sikuuliza kwao wapi. Mimi, ambaye kwenye tram ya Flagey siwezi kukaa karibu na mtu vituo viwili bila kumuuliza! Lakini wiki ile bomba la maji lilikuwa limeganda, kichwa changu kilikuwa kwenye bomba.

Asubuhi ya kutembea nilichimba shimo langu. Pigo la kumi na mbili, pigo la pili tu la kiwiko, nguzo ikavunjika juu ya sukari na kunijia magotini nzima, laini, kama droo ya kabati. Nikapiga nyingine. Kumi na moja. Droo tena. Nilipokuwa nimeinama mle shimoni, nilisikia kwa mbali, sijui upande gani, ile pumzi. Nilitoka haraka kuliko nilivyoingia.

Tulipofika kwenye mawe ya ukingo wa Mlango, watu wamejipanga, wanakaza kamba za raketi. Mteremko ulikuwa mzuri sana, mweupe, umejaa, umevimba kidogo katikati kama tumbo la mtu aliyelala. Na katikati yake mstari mmoja wa alama, za alfajiri. Nikasogea kwa Papa Lucien, nikasema kwa sauti ya mtu anayesifu hali ya hewa:

"Papa, leo haiko muzuri. Sukari iko pa chini fasi yote. Colonne ilivunjika ku douze, ingine ku onze. Ikatoka nzima."

"Nilipita. Unaona pa nilipita."

"Ile iko ya muntu mumoja, Papa."

"Na miaka yote ile, tulipitaka namna gani?"

"Na chance, bahati tu."

Akacheka kwa nguvu, kwa ajili ya wateja. "Banakuangalia uso. Ucheke."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka na meno yote.

"Bapite mumoja-mumoja," akasema, bado anatabasamu, anapiga theluji kwenye buti yake. "Kama inashuka, itabeba paka mumoja." Yaani ikishuka, itamchukua mmoja tu.

Nyuma yetu sauti ikasema, kwa Kiswahili:

"Mumoja nani, Papa?"

Tukageuka. Mama Odette alikuwa amevua kofia.

"Miye niko wa Lubumbashi. Nimesikia tangu jana, mezani, mulisema mambo ya sukari nikaona bazee banaongea chai, nikaacha. Sasa mutuambie jina. Itabeba mumoja nani? Miye? Huyu bwana wa koti ya orange? Muchague, tujue."

Bwana wa koti la rangi ya chungwa akauliza kwa Kifaransa kuna nini, na Mama Odette akawaambia. Hakuongeza chumvi. Alitafsiri kama anavyosoma karatasi ya mgonjwa: nguzo, kumi na mbili, sukari, mmoja-mmoja, itabeba mmoja. Nilitazama nyuso zao zikibadilika moja baada ya nyingine mpaka mwisho wa mstari. Halafu wote wakamtazama Papa Lucien, mzee mwenye ndevu nyeupe ambaye miaka yote wateja walimwita guide wetu, kiongozi wa njia.

Akasema kwa Kifaransa, ili wote wasikie: "Donat ana miaka minne ya shule ya msingi. Mimi nimesoma ardhi maisha yangu yote. Nimepita hapa leo asubuhi, na ninyi mtapita."

Nilisikia masikio yangu yanawaka. Nikajibu, na mimi kwa Kifaransa, mara yangu ya kwanza kusema ukweli kwa lugha ile kule juu: "Ni kweli, minne. Lakini leo hakuna anayepita."

Mama Odette akaweka begi lake juu ya jiwe, akalikalia. "Mi nabaki." Bwana wa koti la rangi ya chungwa akakaa. Mwingine akakaa. Mpaka wote kumi na moja walikuwa wamekaa kama watu wa kituo cha basi, na sisi wazee wawili tumesimama.

Papa Lucien alinitazama bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Bon," akasema. "Mutaona." Akashika fimbo zake.

Nikamkamata mkanda wa begi. "Papa, nakuomba. Ulishapita asubui. Inatosha."

"Achia."

"Papa."

"Donat. Achia."

Nikaachia. Hapa ndipo ninapoandika kwa shida, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na nguvu ya kutosha kumkalisha chini mzee wa umri ule, na nilijua hivyo, na niliachia kwa sababu alikuwa ameniambia niachie. Kilichobaki nilichoweza kufanya nilikifanya: nikageuza redio yangu kwenye kusikiliza, nikapata mlio wake, pi, pi, na namba ya umbali kwenye kioo ikaanza kupanda kadiri anavyokwenda mbali. Nikawaambia watu watoe mabeleshi. Mama Odette alikuwa ameshatoa la kwake.

Hatua kumi. Ishirini. Hakukanyaga alama zake za alfajiri, alitembea kando yake, juu zaidi, ili tuone vizuri. Hakuna sauti, hata ya raketi zake. Namba inapanda. Alipofika katikati, penye tumbo, akasimama, akageuza uso kwetu kama mtu anayetaka kusema "si niliwaambia", na hapo mteremko ukashusha pumzi.

Wumm.

Tuliisikia kwa miguu kabla ya masikio. Mawe tuliyosimama juu yake hayakutikisika, lakini theluji yote mbele yetu ilishuka upana wa kidole, mara moja, kutoka ukingo mpaka ukingo, na vumbi jembamba likaruka juu yake. Halafu juu ya kichwa cha Papa Lucien ukatokea mstari, mwembamba kama uzi, ukakimbia bila sauti kutoka mawe ya upande huu mpaka mawe ya upande ule. Uzi ukafunguka. Ukawa upana wa mkono. Ndani yake kulikuwa na rangi ya buluu.

Tulingoja. Sijui tulingoja muda gani. Mtu mmoja alikuwa anasali kwa Kiflama. Theluji haikuja. Ilikuwa imekatika juu, imeachana na ardhi chini, na bado inaning'inia pale, na mzee yuko katikati yake. Nimewauliza wenye elimu tangu siku ile. Wengine wanasema kulikuwa na mwinuko wa mawe chini uliokuwa umeikinga, wengine wanatikisa kichwa. Ilibaki hivyo imefunguka mdomo mpaka ilipoyeyuka mwezi wa tano, na hakuna aliyeukaribia mteremko ule mwaka mzima.

Papa Lucien akaanza kutembea tena. Kidogo kidogo, anaweka mguu kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa. Akafika kwenye mawe ya upande wa pili.

Niwaambie sasa, msije mkafikiri vingine: hakufa. Jioni ile alikunywa kahawa kwenye kijiji cha bonde la pili, akauliza basi, akapanda treni mpaka Brussels. Kesho yake alipiga simu ofisini, akasema funguo ziko kwenye mfuko wa koti lake la pili, lililobaki mlimani, kwisha. Koti lile, wembe wake na miwani ya kusomea nilivipeleka mwenyewe kwake Ixelles. Binti yake alivipokea mlangoni, akasema papa amelala. Ilikuwa saa tano asubuhi. Nilirudi mara mbili, papa amelala. Ofisini hakukanyaga tena, wala mlimani. Chama kilinipa kazi yake, nikaifanya mpaka magoti yalipokataa, na sheria nilizobadilisha zilikuwa mbili tu, zile mnazozijua: hakuna anayetangulia peke yake kuupima mteremko kwa mwili wake, na hatari inasemwa kwa lugha ya mtu ambaye mguu wake unakwenda kukanyaga, hata akiganda. Akiganda, mngojeni. Mama Odette alinipigia simu kila mwanzo wa majira kuniuliza kama bado nacheka nikiogopa.

Lakini siku ile tulikuwa bado hatujui lolote. Tulimwona tu amesimama kwenye mawe, upande wa pili, hatua sitini kutoka kwetu. Njia ya kurudi ilikuwepo, ileile ya mgongo wa mlima aliyoipita kila alfajiri kwa miaka, haina theluji, haina hatari, nusu saa. Mama Odette alimpigia kelele kwa mikono miwili mdomoni: "Papa, upite ku mawe! Urudie! Hakuna muntu anakukasirikia!" Sauti ilianguka mbele yetu, palepale.

Nikainua mkono. Aliuona, kwa sababu aliutazama muda mrefu. Halafu alitazama juu, ule ufa, kutoka mwanzo wake mpaka mwisho wake, kama anasoma. Akafungua koti, akaingiza mkono kifuani, kwenye redio yake. Namba kwenye kioo changu ikapotea, na mlio ukakatika.

Akafunga koti. Akageuka, akashuka upande wa pili.